Likizo ndefu inakaribia, na vitabu vyetu vinarudi havijafunguliwa

Mpendwa Mshauri,

Ninafundisha lugha katika shule ya sekondari, na maktaba nimekabidhiwa mimi. Kila likizo ndefu tuna mpango wa kusoma kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 17. Ulivyo sasa ni hivi: shule inatoa orodha ya vitabu kumi, mwanafunzi anachagua vitatu, anaandika muhtasari wa kurasa mbili kwa kila kitabu, na mzazi anatia sahihi kwenye fomu kila siku mtoto anaposoma. Wanafunzi ni 120. Likizo iliyopita fomu zilizorudi hazikufika nusu, na mihtasari mingi ilikuwa na maneno yale yale, mpaka makosa ya tahajia yalifanana. Vitabu kadhaa hatujaviona tena.

Tuna vitabu kama 400 vinavyofaa umri wao, na fedha ya kuongeza ni kidogo. Likizo ni ya wiki nane, na shule inafungwa baada ya wiki tano. Mkuu wa shule anataka mambo mawili: zawadi kwa atakayesoma kurasa nyingi kuliko wote, na mtihani siku ya kufungua. Baadhi ya walimu wenzangu wanaona vijana wa siku hizi hawasomi, kwa hiyo tuuache mpango wenyewe. Katika wiki hizi tano nifanye nini, na mkuu nimjibu nini?

Mwalimu wa Maktaba

*

Mwalimu,

Usiuache. Wiki tano zinatosha, kwa sababu mpango wa likizo hujengwa shule ikiwa bado wazi. Jiwekee lengo moja tu: siku ya kufunga, kila mwanafunzi awe amefika angalau ukurasa wa 30 wa kitabu alichokichagua mwenyewe, na kitabu hicho kiwe ndani ya begi lake. Anayeondoka na orodha mkononi bado ana kazi tatu mbele yake: kutafuta, kuamua na kuanza. Hizo ndizo zinazomshinda kijana akiwa nyumbani peke yake. Kuendelea na hadithi ambayo tayari ina mtu anayemjali ni jambo jepesi zaidi.

Tuanze na hesabu, maana humo ndimo mpango wenu ulimokwama. Ukurasa wa riwaya ya kawaida ya vijana tuuhesabu kuwa na maneno 280. Vitabu vitatu vya kurasa 220 ni kurasa 660, yaani maneno 184,800. Mwanafunzi mwepesi, wa maneno 220 kwa dakika, atavimaliza kwa dakika 840. Akisoma siku tano kwa wiki kwa wiki nane, hizo ni dakika 21 kwa siku. Wa kati, wa maneno 150, anahitaji dakika 31. Mzito, wa maneno 90, anahitaji dakika 51 kila siku, na akimaliza hapo akae aandike kurasa sita za muhtasari. Aliye na shida ya kusoma ndiye mliyemtwisha mzigo wa mara mbili na nusu kuliko mwenzake. Ukitafuta mihtasari ya kunakili ilikotoka, anzia hapo kabla hujafika kwenye uvivu.

Kwa hiyo agiza muda, si idadi ya vitabu: dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa wiki nane hizo ni dakika 800, na kila mmoja atapata kurasa zake. Mwepesi atavuka kurasa 600, wa kati atafika kama 430, mzito atafika kama 250, ambazo ni kitabu kimoja cha kawaida na mwanzo wa kingine. Wote watatu wametimiza wajibu sawasawa.

Ili ujue wanafunzi wako wako wapi, wape kurasa tatu za hadithi ambayo hawajaiona, wasome kimya kwa dakika tatu, kisha kila mmoja aweke alama ya penseli alipofika. Hesabu maneno ya mistari mitano, tafuta wastani wa mstari mmoja, zidisha kwa mistari aliyosoma, gawanya kwa tatu. Waulize maswali mawili rahisi baada ya hapo, vinginevyo wengine watakimbiza macho tu ili waonekane wepesi. Pima kwa lugha ile ile ya vitabu utakavyowapa; kasi ya mtu hubadilika akihama kutoka lugha moja kwenda nyingine. Matokeo yabaki kwenye daftari lako, yasibandikwe ukutani.

Sasa vitabu. Vitabu 400 kwa wanafunzi 120 vinaonekana vingi, lakini kila mmoja akiondoka na vitatu, 360 vimetoka na rafu imebaki na 40. Hakuna cha kubadilishana, na anayekwama na kitabu kibovu amekwama mpaka shule ifunguliwe. Wape viwili kila mmoja. Hapo vinatoka 240 na 160 vinabaki kwa siku za kubadilishana, ambazo nitazifikia.

Kabla ya hapo pitia rafu yote na utenge vitabu vilivyolala: vyenye maandishi ya kubanana, majalada yaliyochanika, miongozo ya mitihani, hadithi za watoto wa miaka minane zilizoingia humo kwa bahati mbaya. Vikizagaa kati ya vizuri huwafanya vijana wakate tamaa kabla ya kufika kwenye kinachowafaa. Ukibaki na 320 vinavyofunguka vyenyewe, una maktaba nzuri kuliko ya 400, ila siku za kubadilishana utaanza na akiba ya 80. Kisha angalia una nini na huna nini. Vijana wengi wanaosema hawapendi kusoma hawajawahi kupewa kitabu cha kurasa 90, au hadithi fupi za kutisha, au wasifu wa mwanamichezo, au riwaya ya vibonzo, au simulizi ya mashairi ambayo ukurasa wake una maneno 80 tu. Hivyo vyote ni usomaji. Kama una fedha kidogo, zitumie kwenye mifululizo: aliyemaliza kitabu cha kwanza hahitaji kushawishiwa achukue cha pili. Chunguza pia kama una juzuu ya pili na ya nne bila ya kwanza. Ni kawaida kwa vitabu vya msaada, na ni njia ya uhakika ya kumkera msomaji. Nakala nne nne za vitabu vitano au sita zinafaa kwa marafiki wanaotaka kusoma pamoja.

Wiki ya kwanza, wape karatasi ya maswali. Usiulize "Je, unapenda kusoma?", kwa maana utajibiwa unachotaka kusikia. Uliza ni filamu au tamthilia gani ya mwisho waliyoitazama mpaka mwisho, ni jambo gani wanaweza kulibishania kutwa nzima, ni kitabu gani walikiacha na walikiachia wapi, wanapendelea watu wa kweli au wa kubuni, na nani darasani ambaye wangesoma anachokisoma. Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa. Katika umri huo neno la rafiki lina uzito kuliko la mwalimu, na majibu yatakuonyesha wale watatu au wanne ambao ukiwapatia kitabu kizuri, wengine watafuata.

Wiki ya pili, fanya kipindi cha kuonja vitabu. Kwa kipindi cha dakika 40 na darasa la wanafunzi 30, panga meza sita, kila meza vitabu saba na wanafunzi watano. Kila kundi linakaa meza moja dakika nne, kisha linahama. Ukiongeza dakika moja ya kuhama, mzunguko mzima ni dakika 30. Kila mwanafunzi ana karatasi ya safu tatu: nachukua, labda, hapana. Anachagua kitabu, anaangalia jalada, anasoma ukurasa wa kwanza, kisha anafungua katikati na kusoma ukurasa mwingine. Huo wa katikati asiuruke. Vitabu vingi huanza kwa mbwembwe na kutulia baada ya sura ya kwanza, na vingine huanza polepole vikachangamka baadaye. Kinachoharibu kipindi hiki ni kupanga meza kwa aina, kwamba hii ya mapenzi, ile ya michezo. Wavulana watajazana kwenye moja na hakuna atakayekubali kuonekana kwenye nyingine. Changanya kila meza.

Hapo hapo wafundishe kupima ugumu. Mwaka 2000 watafiti Marcella Hu na Paul Nation walionyesha kwamba anayesoma hadithi kwa lugha ya kujifunza anahitaji kujua maneno kama 98 kati ya 100 ili aelewe vizuri bila msaada. Kwenye ukurasa wa maneno 280, hayo ni maneno matano au sita asiyoyajua. Mwanafunzi asome ukurasa mmoja kamili akikunja kidole kwa kila neno geni. Vidole vitano au pungufu, aende nacho. Kati ya maneno sita na 14, aende nacho kama kweli anakitaka, maana hamu huvusha mtu mengi. Yakizidi 14, ambayo ni asilimia tano ya ukurasa, akirudishe au akisome huku akisikiliza kitabu hicho kikisomwa kwenye sauti iliyorekodiwa. Hiki ni kipimo anachojipima mwenyewe. Ukianza kubandika vitabu rangi kwa viwango, kijana wa miaka 16 mwenye kitabu cha rangi ya chini atakificha, na kitabu kilichofichwa hakisomwi.

Wiki ya tatu ni ya kuvinadi. Kila kipindi chako cha lugha kianze kwa dakika mbili za kitabu kimoja. Sema ni nani aliyemo, anataka nini, nini kimemzuia, kisha soma aya moja kwa sauti na ukome pale mambo yanapoharibika. Usieleze maudhui wala fani, na usitaje funzo. Ukishataja funzo umewaambia hiki ni kitabu cha shule. Waombe walimu wa hesabu na wa michezo wafanye hivyo mara moja moja. Mwalimu wa michezo akishika riwaya mbele ya darasa, watu hunyoosha shingo.

Wiki ya nne wanaazima na kuanza. Hapa ndipo utapata upinzani kutoka kwa wenzako, kwa sababu unahitaji dakika 15 za kusoma kimya kila siku kwa siku kumi, wiki hii na inayofuata. Hizo ni dakika 150. Hata msomaji wa maneno 90 kwa dakika atafikisha maneno 13,500, kurasa 48, kwa hiyo ukurasa wa 30 ataupita na bado ana nafasi ya kukosa siku mbili tatu. Mwalimu naye asome, asisahihishe madaftari. Siku ya tatu pita kila dawati ukitazama namba ya ukurasa bila kusema kitu. Aliye ukurasa wa 4 hana tatizo la nidhamu. Ana kitabu kisicho chake. Mbadilishie siku hiyo hiyo. Wiki ya tano utaona wengine wakibadilisha mara ya pili, na hilo ni jema, kwa sababu ni afadhali mtu akiache kitabu shuleni kuliko kukiachia nyumbani chini ya kitanda.

Kuhusu vitabu kupotea: vingi havipotei kwa wizi. Hupotea kwa sababu hakuna aliyekumbuka alichukua nini, au mtu amechelewa wiki mbili akaogopa faini na akaona heri akae nacho kabisa. Rejista yako iwe na namba ya kitabu, jina la kitabu, jina la mwanafunzi, darasa na tarehe ya kurudisha, kisha piga picha kila ukurasa wa rejista ili nakala isikae mahali pamoja na daftari. Kila kitabu kitoke ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu na jina la shule juu yake. Unyevu na mafuta ya chakula huua vitabu vingi wakati wa likizo. Tarehe ya kurudisha iwe Ijumaa ya kwanza baada ya kufungua, ongeza wiki moja ya huruma, na ufute faini ya kuchelewa. Aliyepoteza alete kitabu kingine kinachosomeka, kipya au cha zamani. Wanaohitimu au kuhama wasipewe kitabu cha rejista, wapewe vile ulivyotenga ambavyo bado vina hali nzuri, wabaki navyo.

Fomu ya sahihi ya mzazi ifute kabisa. Zitazame zile zilizorudi: siku arobaini, kalamu moja, mkono mmoja, na sahihi zote zimeinama upande ule ule kwa sababu zilitiwa kwa mkupuo usiku wa kuamkia shule. Ni danganya toto, na mbaya zaidi inamgeuza mzazi kuwa askari. Badala yake mwandikie mzazi barua ya ukurasa mmoja yenye maombi matatu. Kwanza, kuwe na dakika 20 za siku ambapo simu ya mtoto iko chumba kingine. Pili, asimhoji mtoto kama mtihani, akitaka kujua, aulize tu "Umefika wapi?" na asikilize. Tatu, asimkataze kitabu kwa kuwa kina picha au ni chembamba. Ongeza mstari mmoja unaosema kwamba mambo yanayomfaa wa miaka 17 huenda yasimfae wa miaka 13, na kama kuna mada ambayo hataki mwanawe aisome, akwambie kabla ya wiki ya nne. Ukiliuliza mapema utakuwa na wazazi wawili watatu wa kuzungumza nao. Usipouliza, atatokea mmoja katikati ya likizo, naye ataanzia ofisi ya mkuu.

Mawasiliano wakati wa likizo yawe machache. Ujumbe mmoja kwa wiki kwenye kundi ambalo walimu pekee wanaweza kuandika unatosha. Kundi lililo wazi kwa wote hujaa salamu na vichekesho ndani ya siku mbili, na kufikia wiki ya pili kila mtu amelinyamazisha. Awepo mwalimu mwingine ndani ya kundi, na asiwepo mwalimu anayemwandikia mwanafunzi faraghani. Ujumbe wenyewe uwe na kitu cha kufanya, kwa mfano: "Leo fungua ukurasa uliofikia, hesabu sentensi tano, mtumie rafiki yako ya tano bila kumweleza chochote." Wasio na simu wapangiwe mwenzao wa jirani kabla ya kufunga.

Wiki ya tatu ya likizo ndipo mipango mingi hufia. Kitabu cha kwanza kimeisha au kimechosha, cha pili hakijaanzwa. Kwa hiyo fungua maktaba siku mbili za kubadilishana, moja mwishoni mwa wiki ya tatu na nyingine mwishoni mwa wiki ya sita, saa mbili kila siku. Weka vile vitabu vilivyobaki mezani, majalada juu, visisimamishwe kwa migongo. Usiulize kama amemaliza alichokirudisha. Hawatakuja wote 120, na wakija 40 siku hiyo imelipa.

Kwa anayesoma kwa simu, jambo dogo la kiufundi lina athari kubwa. Faili la PDF huonyesha ukurasa kama ulivyochapishwa, kwa hiyo kwenye kioo cha simu herufi zinakuwa ndogo mno na msomaji inambidi asogeze kushoto na kulia kwa kila mstari. Faili la EPUB hupanga maneno upya kulingana na upana wa kioo na kukubali kuongezwa ukubwa wa herufi. Wapakue kabla ya kuondoka shuleni, simu iwekwe bila intaneti wakati wa kusoma, na mafaili yawe yale ambayo shule ina haki ya kuyagawa. Vitabu vya kusikiliza navyo vihesabiwe, hasa kwa wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno yaliyoandikwa: sikio likitangulia na jicho likifuata kwenye maandishi, anaifikia hadithi ya umri wake badala ya kubaki kwenye ya watoto wadogo.

Sasa mkuu wako. Juu ya zawadi, mpelekee jaribio la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett la mwaka 1973, Marekani. Watoto wa chekechea waliopenda kuchora waliahidiwa cheti endapo wangechora. Baadaye, cheti kilipoondoka, walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu, ilhali waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Hao walikuwa wadogo, na walikuwa wakipenda tayari, kwa hiyo usiseme jaribio hilo linafunga mjadala. Lakini kushindania kurasa kuna tatizo lake hata bila utafiti: mshindi anajulikana kabla ya likizo kuanza, naye ni yule ambaye angesoma hata usingemwambia. Wengine watachagua vitabu vyepesi au watadanganya namba. Kama lazima zawadi iwepo, iwe kitabu cha kuchagua, itolewe bila kutangazwa, na wapewe wengi.

Mtihani wa siku ya kufungua mkuu autaka kwa sababu anahitaji ushahidi, na hiyo ni haki yake. Mpe ushahidi ulio bora. Kwa vitabu zaidi ya 200 tofauti huwezi kutunga maswali, na muhtasari wa kuandikia nyumbani siku hizi unatoka kwenye intaneti au kwa akili mnemba kabla chai haijapoa. Fanya mazungumzo ya dakika nne. Mwanafunzi anakuja na kitabu, mwalimu anakifungua mahali popote baada ya nusu, anasoma aya moja kwa sauti na kuuliza: "Hapa mambo yamefikaje?" Kisha: "Nionyeshe ukurasa ambapo mtu alifanya uamuzi ambao wewe usingeufanya." Aliyesoma huenda akasahau majina lakini kidole chake hukimbilia mahali. Aliyesoma muhtasari ana majina yote na hajui ukurasa ulipo. Mwalimu hahitaji kuwa amekisoma kitabu. Wanafunzi 120 kwa dakika nne ni dakika 480, saa nane. Peke yako huwezi, ila walimu sita wakigawana 20 kila mmoja ni dakika 80, vipindi viwili. Kwa aliyeishia katikati, uliza aliachia wapi na kwa nini, umhesabie alichosoma.

Mkuu akishikilia kwamba lazima kiandikwe kitu, kiandikwe darasani kwa dakika 30, kitabu kikiwa mezani, kwa swali lile lile la ukurasa wa uamuzi. Na vitabu teule vya mitihani viwe mbali na mpango huu. Vinastahili kufundishwa na mwalimu, na ukiviingiza humu vitameza nafasi yote ya kuchagua.

Kwa wenzako wanaotaka kuacha, kuna mambo mawili. Barbara Heyns alichunguza wanafunzi wa Atlanta, Marekani, na katika matokeo aliyochapisha mwaka 1978, kusoma ndiyo shughuli ya likizo iliyoambatana zaidi na maendeleo ya masomo kuliko nyingine alizozipima. Na mwaka 2008 James Kim na Thomas White waliripoti kwamba kuwapa watoto vitabu peke yake hakukutosha. Waliopata vitabu pamoja na msaada wa mwalimu kabla ya likizo ndio walioonyesha tofauti. Wao walikuwa wa darasa la tatu hadi la tano, wadogo kuliko wako, lakini ndiyo sababu nimekuandikia mengi kuhusu wiki tano na machache kuhusu wiki nane.

Mwisho, andika namba hizi kwa ajili ya mwakani: wangapi waliondoka na kitabu, wangapi walikuwa wamepita ukurasa wa 30 siku ya kufunga, wangapi walikuja kubadilisha, wangapi walimaliza angalau kimoja. Na katika rejista, mbele ya kila kitabu kilichorudi hakijamalizwa, andika ukurasa kilipoachiwa. Kitabu kilichoachwa na watu wanne kabla ya ukurasa wa 20 kitoe kwenye meza ya kuonja. Kilichoazimwa mara tatu likizo moja, nunua nakala ya pili kabla hujanunua kipya chochote.